Nilikuwa Naitwa Malale

Kwa zaidi ya nusu ya umri wangu nimeitwa Malale. Jina nililipata Tanga, mtaa wa Ngamiani, nikiwa kidato cha pili, na aliyenipa hakuwa na nia mbaya. Alikuwa rafiki yangu wa dawati moja, amechoka kunifinya kila saa ili mwalimu asinikute nimelala. Malale yenyewe, ule ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, sikuwahi kuugua. Lakini jina likanata, likanifuata mpaka kwenye kibanda changu cha ushonaji, na wapo wateja ambao hadi leo hawajui kwamba nina jina jingine.

Ushuhuda huu si wa kupona. Nalisema mapema kwa sababu wengi wakisikia neno hilo hungoja habari za mtu aliyetupa magongo akaenda zake. Mimi bado nalala mchana. Kilichobadilika ni kwamba sasa najua kwa nini nalala, na kwa mtu aliyechapwa, akafukizwa ubani, akaombewa, kisha akameza dawa za kifafa miaka nenda miaka rudi, kujua si jambo dogo.

Usingizi ulinianza nikiwa na miaka kumi na mitano. Haukuwa usingizi wa mtu aliyekesha. Aliyekesha hupiga miayo, husinzia, akinawa uso anaendelea na shughuli zake. Wangu haukunipa nafasi ya kupiga miayo. Ninanakili kutoka ubaoni, na muda si muda mistari ya daftari imepinda, imeteremka hadi ukingoni mwa ukurasa, herufi zimegeuka mikwaruzo. Nikilala robo saa naamka mzima, akili safi, nikadhani yamekwisha. Baada ya saa mbili unarudi. Na usiku, ambapo mtu kama mimi alitarajiwa kulala kama gogo, nilikuwa nashtuka kila mara. Hilo la usiku hakuna aliyeliamini.

Shuleni nilichapwa. Siwezi kuwalaumu walimu wote. Darasa lilijaa hadi dirishani, na anayekoroma nyuma hana wa kumtetea. Adhabu pekee iliyonifaa ilikuwa kusimamishwa, mpaka siku nilipolala nikiwa wima. Kidato cha nne nikapata daraja la nne. Aliyeshangazwa na matokeo hayo ni mama peke yake, maana ndiye aliyekuwa akinisikia usiku nikisoma kwa sauti, natembea uani huku na huku nisije nikalala.

Mama hakukubali kwamba mwanawe ni mvivu. Ndipo tiba zilipoanza. Kwa shehe nilinywa kombe. Kwa mganga wa kupunga nilifukizwa mpaka macho yakatoa machozi. Jirani yetu Mkristo akamwambia mama, "Dada, mlete kwetu waumini wamwombee," naye mama, ambaye kwa mwanawe angevuka mto wowote, akanipeleka. Waliniwekea mikono kichwani wakaanza kulikemea pepo la usingizi. Nikalala. Kwao hiyo ikawa hoja, kwamba pepo lenyewe limejidhihirisha. Msikitini nako mambo hayakuwa mepesi: hotuba ya Ijumaa ikianza mimi tayari nimeshapotea, na kwa kuwa usingizi mzito huvunja udhu, kila Ijumaa nilikuwa napita katikati ya safu kwenda bombani huku watu wakinitazama.

Ushonaji nilifundishwa na mjomba. Ni kazi ya kukaa, na kwangu kukaa ni hatari kuliko kulima. Nililala huku miguu ikiendelea kukanyaga na mikono ikisukuma kitambaa. Nikizinduka nakuta mshono umekwenda bila mimi: mwanzoni umenyooka, kisha umeiacha alama ya chaki, umepita juu ya mfuko, umeunga mkono wa kanzu na ubavu wake. Siku hizi nimeelezwa kwamba madaktari wanalijua jambo hili, kwamba mwili huendelea na kazi uliyoizoea hata ubongo ukiwa umeshaingia usingizini. Wakati ule nilijua tu kwamba kitambaa ni cha mtu na lazima nikilipe. Nilishona kanzu za watu nikamaliza bila faida, na sare za shule nilizipenda kwa sababu kitambaa chake ni rahisi.

Usingizi nilikuwa nimeshauzoea. Kilichonitisha zaidi ni kucheka.

Bibi yangu mzaa mama, kama mabibi wote wa kwetu, aliniita mume wake. Jioni moja nimekaa naye kibarazani tunakunywa uji, wageni wapo, akawaambia, "Mume gani huyu! Ndoa yetu nzima ameimaliza yuko kitandani, tena peke yake." Nikaangua kicheko. Mara magoti yakalegea, taya ikashuka, kichwa kikaanguka kifuani, nikawa chini sakafuni na bakuli limemwagika. Nilikuwa nasikia kila neno. Nilikuwa naona kanga ya bibi na miguu ya wageni. Lakini sikuweza kusema wala kuinua kidole. Haikufika hata dakika, nikainuka mzima kabisa. Bibi alidhani nimenogesha utani wake, akaendelea kunitania, nami nikaanguka tena.

Tangu hapo kila kicheko cha kweli kilinikata miguu. Kucheka kwa adabu hakukuwa na neno. Kilichoniangusha ni kile kicheko kinachomshika mtu ghafla. Mjomba alipofariki, watani walikuja msibani na visa vyao kama ilivyo ada. Mmoja alivaa koti la marehemu, akaning'iniza futi shingoni, akaanza kuwapima waombolezaji vifua huku akinung'unika kuhusu madeni, sauti ile ile ya mjomba. Nilijizuia mpaka nikashindwa. Nilianguka karibu na watu wa kuchimba kaburi. "Uchungu umemzidi," wakasema, wakanipepea. Ndiyo mara ya kwanza nilianguka hadharani na watu wakanionea huruma.

Basi nikajifunza kutocheka. Harusini nilikaa pembeni, penye wachekeshaji sikupita. Nilipooa, mke wangu kwa muda mrefu aliamini ameolewa na mtu wa kiburi. Ananihadithia kisa, nami namtazama nimekaza uso.

Halafu kulikuwa na jinamizi. Karibu kila mtu wa pwani amewahi kukabwa walau mara moja: unaamka, mwili haukutii, kuna uzito kifuani, kuna mtu amesimama mlangoni, sauti haitoki. Mimi nilikabwa mara kwa mara, hata mchana. Mwaka 1995 habari za Popobawa, pepo aliyesemwa huwavamia watu usiku, zilipowatia watu hofu Pemba na Unguja, wakawa wanalala nje kwa makundi, sisi Tanga tulizipokea kwa masimulizi ya wasafiri. Wenzangu waliogopa. Mimi nilisikiliza nikanyamaza, maana mengi waliyoyasimulia yalikuwa yakinipata chumbani kwangu miaka kadhaa kabla huyo Popobawa hajatajwa.

Hospitalini nilipimwa malaria mara nyingi kuliko nilivyowahi kuugua malaria. Nikapimwa upungufu wa damu, minyoo, sukari. Hospitali moja, baada ya kusikia naanguka, ikaniandikia dawa za kifafa, na mimi mtiifu nikazimeza kwa miaka. Dawa nyingi za kifafa, hasa zile za zamani, huleta usingizi. Mnaweza kuona zilinifikisha wapi.

Mpwa wangu anayesomea uuguzi Dar es Salaam ndiye aliyenitoa. Alikuja likizo, akakaa kibandani kutwa nzima, akaniona. Jioni akasema, "Mjomba, hiki si kifafa. Twende." Daktari wa mishipa ya fahamu tuliyemkuta alinisikiliza bila kuandika chochote, kisha akauliza, "Ukicheka sana, magoti yanakuwaje?" Sikumjibu palepale. Nilimgeukia mpwa wangu nikidhani amemwambia. Kumbe hata yeye habari hiyo hakuwa nayo. Nilikuwa sijamwambia mtu.

Kipimo nilifanyiwa Nairobi, kwa michango ya ndugu. Usiku mzima nililala na nyaya kichwani, kidevuni, miguuni na pembeni mwa macho. Kulipokucha nikatakiwa nilale tena, mara tano, kila baada ya saa mbili, kwa vipindi vya dakika ishirini, chumba kikiwa giza. Mtu mzima wa afya aliyelala vizuri usiku huchukua dakika kumi na zaidi kupata usingizi mchana, wengine hawaupati kabisa, na usingizi wa ndoto humjia baada ya saa moja na nusu hivi. Mimi kila walipozima taa nilikuwa nimekwenda, na nilikwenda moja kwa moja kwenye ndoto. Mtaalamu alinionyesha michoro kwenye kompyuta. Ni kipimo pekee maishani nilichowahi kufaulu kwa kulala.

Ugonjwa unaitwa nakolepsi. Kule kuanguka kwa kicheko kunaitwa kataplekisi, na nakolepsi yenye kataplekisi mara nyingi chanzo chake ni kukosa kitu kimoja kidogo sana ambacho mwili hujitengenezea wenyewe.

Daktari alinichorea nyuma ya karatasi ya dawa. Ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu iitwayo haipothalamasi. Humo mna seli za neva kati ya 50,000 na 80,000, idadi ndogo mno ukilinganisha na seli za neva kama bilioni 86 za ubongo mzima, na seli hizo chache ndizo zinazotengeneza peptidi inayoitwa oreksini. Peptidi ni mnyororo mfupi wa amino asidi, vipande vilevile vinavyounda protini. Oreksini ziko mbili: moja ina vipande 33, nyingine 28. Zinapeleka ujumbe kwenye sehemu nyingine za ubongo zinazotuweka macho, na kuzishikilia zisiyumbe. Nilimwelewa kwa njia ya kazi yangu: kwenye cherehani kuna kile chuma kinachobana kitambaa chini ya sindano, ukikiinua, sindano bado inacheza na kitambaa bado kinasogea, ila mshono utakwenda popote. Mimi nakesha na nalala kama mtu yeyote. Ninachokosa ni cha kubana.

Akanieleza na habari ya kuanguka. Mtu akiota, ubongo huifunga misuli ya mwili, isipokuwa ya kupumua, ya macho na michache mingine, ili asiinuke akaanza kupigana na anayoyaona ndotoni. Ni ulinzi tu. Asiye na oreksini ya kutosha, kufuli hilo humfunga akiwa macho: furaha ya ghafla inatosha kulibonyeza. Na jinamizi ni kufuli lilelile, limechelewa kufunguka mtu akiwa ameshaamka huku ndoto bado iko chumbani. Bibi na utani wake, mtu wa mlangoni, mkono wa kanzu ulioshonwa ubavuni, vyote vikakaa mahali pamoja. Nilirudi Tanga kwa basi nikiwa nimelala njia nzima, na kwa mara ya kwanza sikuona haya kuulizwa na kondakta kama mimi ni mgonjwa. Nilimwambia ndiyo.

Niliishia kidato cha nne, lakini kusoma napenda, na nilitaka kujua nani aligundua jambo hili. Mpwa wangu alinitafutia na kunifasiria. Jina la nakolepsi lilitolewa mwaka 1880 na daktari Mfaransa, Jean-Baptiste Gélineau, aliyekuwa akimtibu mfanyabiashara wa mapipa ya mvinyo. Naye alilala mchana kutwa, naye akicheka miguu ilimlegea. Nimempenda mtu yule wa mapipa. Baada ya hapo ikapita zaidi ya karne moja jina likiwepo na sababu haipo, na wako walioitafuta kwenye malezi na mawazo ya mgonjwa.

Mwaka 1998 makundi mawili yaliikuta peptidi hii karibu wakati mmoja, kila moja bila kulitegemea jingine. California walikuwapo Luis de Lecea na Gregor Sutcliffe, wakaiita hipokretini. Dallas, Texas, walikuwapo Takeshi Sakurai na Masashi Yanagisawa, wakaiita oreksini. Hawa wa Dallas walidhani wamepata peptidi ya njaa, kwa kuwa panya waliopewa walikula zaidi. Wakatengeneza panya wasio nayo kabisa, ili waone kama watakonda. Panya hushughulika usiku, kwa hiyo wakawarekodi gizani kwa kamera maalumu. Walichokiona ni panya wanaokimbia, kisha ghafla wanaanguka, kisha wanainuka na kuendelea. Dhana ya kwanza ikawa kifafa! Walipopima mawimbi ya ubongo wakakuta si kifafa. Niliposoma hapo niliweka karatasi chini. Kama watafiti wenye maabara hiyo waliwahi kushuku kifafa, basi yule tabibu aliyeniandikia dawa nimemsamehe nusu.

Mwaka 1999, kule Stanford, Emmanuel Mignot na wenzake walimaliza kazi ya miaka mingi juu ya mbwa. Walikuwa na mbwa aina ya Doberman na Labrador wenye nakolepsi ya kurithi: akiwekewa chakula akipendacho, anaanguka kwa furaha. Kosa lilikutwa kwenye kipokezi cha oreksini. Mwaka 2000 ikaonekana kwa watu: maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa wengi hayakuwa na peptidi hiyo ya kupimika, na bongo za wagonjwa waliofariki zilikuwa zimepoteza seli zake kwa asilimia 85 hadi 95. Inaaminika kwamba kinga ya mwili yenyewe ndiyo inayozishambulia, kwa watu waliozaliwa na jeni fulani. Seli hizo zikifa hazioti tena. Mignot na Yanagisawa walipewa tuzo ya Breakthrough ya mwaka 2023 kwa kazi hii.

Swali linalonijia kila ninapolisimulia jambo hili: kwa nini usichomwe hiyo oreksini yenyewe, mambo yakaisha? Nami niliuliza. Peptidi ikiingia mwilini huvunjwavunjwa upesi, na haivuki vizuri kutoka kwenye damu kwenda ubongoni. Kwa hiyo wanatafuta kidonge kitakachoiga kazi yake. Kimoja kilisimamishwa majaribio mwaka 2021 kwa kuwa kiliwaumiza baadhi ya watu ini. Vingine vinaendelea kujaribiwa. Upande wa pili wamekwenda haraka: tangu 2014 Marekani imeruhusu dawa ya wasiopata usingizi ambayo kazi yake ni kuizuia oreksini isifanye kazi. Yaani kuna watu wanaolipa fedha ili walau usiku mmoja ubongo wao ufanane kidogo na wangu. Sijui nicheke. Siku hizi naweza.

Naweza kwa sababu ya fluoksetini. Ni dawa ya sonona, na muuza duka la dawa kila mwezi ananipa pole ya huzuni nisiyokuwa nayo, lakini hupunguza kataplekisi. Kwa kunikesha asubuhi natumia modafinili ikipatikana. Ni ghali na mara nyingine haipo, siku hizo nafanya kazi nyepesi tu, kukata au kutia vifungo. Dawa iliyo bora kuliko zote haina bei: kulala kwa saa. Nyuma ya pazia la kupimia nguo nimetandika mkeka. Baada ya adhuhuri nalala dakika ishirini, na tena kabla ya magharibi, nikihisi usingizi au nisiuhisi. Mwanafunzi wangu ananiamsha. Baiskeli nimeiacha, pikipiki siipandi mbele wala nyuma, na pasi ya mkaa siishiki nikiwa peke yangu. Mshono unaokwenda bila mimi bado hutokea, si kama zamani.

Mke wangu ananihadithia visa tena. Nikicheka sana taya bado hulegea kidogo, naye hungoja, kisha anaendelea pale alipoishia.

Mama alifariki kabla hajajua. Hilo sitalisemea sana.

Walimu na wazazi, nina ombi moja. Nakolepsi si ya kawaida: kwa makadirio yanayotajwa sana ni mtu mmoja katika kila 2,000, nayo huanza zaidi utotoni na ujanani, wakati mtoto yuko darasani. Hata Ulaya na Marekani mgonjwa huweza kumaliza miaka kumi kabla ya kutambuliwa, kwa hiyo msitegemee kwamba zahanati ya jirani itaijua. Mtoto anayelala kila siku darasani, ijapokuwa usiku amelazwa mapema, msimchape wala msimpe jina. Mwulizeni kama akicheka magoti yanamlegea. Akisema ndiyo, mpelekeni kwa daktari wa mishipa ya fahamu, na mkifika mwambieni habari hiyo ya kicheko kabla ya kitu kingine chochote, hata kama hajawauliza.